Sanduku la Baba na Sanduku la Kenya

Hili sijamwambia mtu: nilishinda mdahalo shuleni nikitetea soko huria la Afrika.

Baba hajui. Anatengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi, hapa mtaani kwetu Katwe.

Leo jirani yetu mwenye duka ameleta ya Kenya, yasiyotozwa ushuru mpakani. Bei nafuu kuliko yetu.

Mteja mmoja, mama wa makamo, akayalinganisha na yetu, akaniuliza, "Wewe unayelala bwenini, ungechukua lipi?"

Baba akashusha nyundo.

Nilisema kweli. La Kenya. Kitasa chetu hufunguka kwa kijiko, bweni zima linajua.

Yule mama akanunua la Kenya.

"Haya," baba akasema. "Karo yako atalipa Mkenya."

Hakucheka. Ninyi mngejibuje?

Nimeazima sanduku moja kwa jirani, nimechora kitasa chake kwenye daftari la uchumi, nimeliacha daftari wazi kando ya nyundo ya baba.