Jumapili Niliyokwenda Kutunza

Shule mimi niliishia darasa la nne, na sioni aibu kusema, maana wenye digrii zao wamekuja dukani kwangu kuomba kazi. Kariakoo niliingia na kandambili moja nzima na nyingine nimeifunga kwa waya. Nikabeba viroba vya viazi mpaka shingo ikanenepa. Ilipokuja enzi ya ruksa, vitu vikamiminika kutoka nje, wenzangu wakakimbilia redio na vitenge. Mimi nikaona mbali zaidi yao: nikaleta mifuko ya nailoni.

Kabla ya hapo, mtu akienda sokoni anakwenda na kikapu chake cha ukili kwapani. Mimi ndiye niliyewapumzisha. Mfuko wangu ulikuwa mweupe, una mistari ya bluu, na hapakuwa na mwingine wa namna ile mjini. Nilitamba nao kuanzia Mchafukoge mpaka Buguruni: "Ukiona mistari ya bluu, ujue huo ni wangu!" Maneno hayo ndiyo yaliyokuja kuniumbua.

Kitu kimoja tu nilikuwa sijakipata, nacho ni uzee wa kanisa. Duka ninalo, pikapu ninayo, mke mzuri ninaye, lakini wazee wa kanisa wakisogea mbele kumsaidia mchungaji, mimi nimebaki benchi la tano kama mgeni. Uchaguzi ulikuwa umepangwa baada ya masika, na nafasi ile niliitaka kuliko nilivyowahi kuitaka fremu yoyote ya duka.

Jumapili moja mke wangu alikuwa kwa dada yake aliyejifungua, nami nilichelewa nikitafuta mahali pa kuegesha pikapu. Matangazo nikayadaka mlangoni, nusunusu. Mwenyekiti wa kinamama, ambaye ndiye pia anayeongoza kwaya, alikuwa anamalizia: "Kwa hiyo Jumapili ijayo ni ya kutunza. Kila mshirika aje amejiandaa kutunza."

Sasa, kutunza watu wa Dar tunakujua. Mwimbaji akikukuna roho, unainuka, unamwendea taratibu huku unacheza, unambandika noti kwenye paji la uso. Nikasema moyoni, uzee huo, nimeupata.

Jumapili ya kutunza ikafika, mke wangu bado hajarudi wa kuniuliza nakwenda wapi vile. Nikatinga suti ya rangi ya maziwa, viatu vinang'aa, noti mpya mfukoni. Kanisani nikashangaa: huyu kavaa kaptura, yule khanga kuukuu, wengine gambuti. Nikawahurumia, nikajua maisha yamewabana. Mchungaji akahubiri habari za Adamu, jinsi Mungu alivyompa bustani aitunze. "Amina!" niliitikia kuliko wote. Kumbe hata Adamu alikuwa mtu wa kutoa!

Kwaya ikaanza. Mwenyekiti wa kinamama akapandisha sauti, nami nikainuka. Nilicheza kutoka benchi la tano mpaka mbele, mkono mmoja kiunoni, nikambandika noti ya kwanza. Ya pili. Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele kama mvua kwenye bati.

"Baba," akaninong'oneza, noti imeganda kwenye jasho la paji lake, "unafanya nini?"

"Natunza."

"Leo tunatunza mazingira, baba. Tukitoka hapa tunakwenda kuzibua mtaro."

"Mtaro gani?"

"Huo wa nyuma. Ulioziba kwa mifuko yako."

Mtaro wenyewe unapita nyuma ya kanisa kuelekea bonde la Msimbazi. Kila masika maji yalirudi ndani, viti vikaelea mpaka karibu na madhabahu, na sisi tukailaumu serikali. Siku hiyo nilisimama ukingoni na suti yangu, nikaona wanachotoa. Mistari ya bluu. Kila koleo likiinuka, mistari ya bluu.

"Wa baba huu!" akapiga kelele mmoja.

"Na huu!"

Mzee mmoja mwenye jembe akauliza kwa sauti ya mnada, "Jamani, ukiona mistari ya bluu?"

"Ujue ni wake!" wakaitikia wote, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mwenyekiti wa kinamama hakucheka. Akaegemea jembe lake. "Baba, najua unataka uzee. Kinamama ndio wengi humu, na kura zetu ziko pamoja. Masika yakija, maji yasipoingia kanisani, zote zako. Yakiingia, utakuwa mzee wa nyumbani kwako."

Nikavua koti, nikakunja suruali, nikashuka. Hapo ndipo walipomjua mbeba viroba! Vijana wa kwaya walipumzika mara tatu, mimi sikupumzika hata mara moja. Suti mke wangu aliporudi aliifua wiki nzima. Rangi ya maziwa haikurudi.

Tangu hapo kila Jumamosi nilikuwa mtaroni. Nikaweka mapipa ya taka barazani, nikawasihi majirani. Mwarabu wa duka la pili akaniuliza, "Sheikh wangu, umeokoka au umefilisika?" Nikamjibu, "Vyote viwili vinanijia, lete taka zako." Akaleta. Familia ya Wahindu ghorofa ya juu nayo ikaacha kurusha vifurushi dirishani. Mifuko sikuacha kuuza siku ileile, nisiwadanganye, stoo ilikuwa imejaa. Lakini sikuleta mingine. Nikaleta vikapu vya ukili, na Jumapili ya mavuno sadaka zote, mahindi, ndizi, hata kuku, ziliingia kanisani ndani ya vikapu vyangu. Mchungaji naye, katika maombi ya wagonjwa na wasafiri, akaanza kuuombea na mtaro.

Masika yakaja Jumapili, katikati ya mahubiri. Ikapiga mvua ile ya kuzima sauti ya mchungaji. Akafunga Biblia. Kanisa zima tukageuka kutazama mlango wa nyuma. Tukasubiri. Tukasikia maji yakinguruma nje, yanateremka, yanakwenda zake Msimbazi. Sakafu kavu.

Mwenyekiti wa kinamama akainuka, akaanzisha wimbo bila kuambiwa. Alipofika kwenye kiitikio akanitazama.

"Haya, baba," akasema, "sasa njoo utunze."

Nikainuka, nikacheza kutoka benchi la tano mpaka mbele, safari hii nimevaa gambuti.