Pilau la Saleh Halimwagwi

Mimi na siasa hatujuani. Ninachokijua ni pilau, na Bagamoyo nzima hakuna anayenifikia. Anayesema yupo, amlete.

Saleh, mjukuu wa jirani yangu, aligombea uenyekiti wa kitongoji. Akaja kwangu, "Shikamoo Bibi Ashatu. Siku ya kura nipikie pilau la ushindi." Basi siku hiyo nikashinda jikoni kutwa. Magharibi ikatangazwa: kashinda Abdulazizi, tena kwa kura moja.

Saleh akajifungia chumbani. "Limwageni hilo pilau!"

"Nani amwage? Pilau langu halijamwagwa tangu wewe hujazaliwa. Toka, shika sufuria upande huo!"

Tukalibeba mpaka kwa Abdulazizi. Kule hawakutegemea kushinda, hata chai hawajabandika. Watu kumwona Saleh na sufuria, vigelegele!

"Huyu ndiye muungwana! Kashindwa, na bado analisha watu!"

Saleh niliyemtoa ndani kwa makaripio akavimba kichwa. "Nimekuja kumpongeza mwenzangu," akasema. Wakakumbatiana, wakakaa sinia moja.

Katikati ya kula Abdulazizi akaniuliza, "Na wewe bibi, kura yako leo ulimpa nani?"

"Kura ipi? Mimi tangu asubuhi nipo jikoni na pilau la Saleh."

Saleh akaacha kutafuna. Baraza zima likamgeukia. Akanitazama mimi, akalitazama sinia, akameza.

"Bibi," akasema taratibu, "limekolea."

Najua limekolea. Nikamwongezea ukoko.