Mashuka ya Chumba cha Nyuma

Priscille alikuwa mtu wa kukunja. Nyumba yake ya mtaa wa Mangobo ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na asubuhi mtu aliyeingia asingejua kwamba familia nzima ilikuwa imelala humo. Magodoro ya sponji yalisimamishwa nyuma ya mlango. Vyandarua vilifungwa fundo na kuning'inizwa juu. Mashuka yalikunjwa, kila jozi ikaingizwa ndani ya foronya yake, na foronya zote zikapangwa kwenye sanduku la bati chumbani kwake. Alijua kila moja ilikuwa ya nani: ya kwake na mumewe Patrice, ya binti yao Plamedi wa miaka mitano, na ile ndogo ya mtoto mchanga aliyekuwa bado ananyonya.

Mwaka ule mto ulifurika, maji yakaingia nyumba za ng'ambo kule Lubunga. Benie, dada mdogo wa Patrice, alivuka kwa mtumbwi akiwa na binti yake Exaucée na fungu la blanketi zilizolowa. Mume wake alikuwa mbali, mjini Basoko, kwenye biashara ya samaki. Patrice aliwapa chumba cha nyuma, na Priscille akawapokea kwa moyo mweupe. Lakini watu waliongezeka na mashuka hayakuongezeka. Jua lilikuwa la kuvizia, vitu vilikauka nusunusu, na jioni kila mtu alitandika kilichokuwa karibu. Foronya za sandukuni zilichanganyikana. Exaucée na Plamedi, waliokaribiana umri, walikataa kutenganishwa, wakalala godoro moja, shuka moja.

Asubuhi moja Priscille alikuwa anamnawisha Exaucée mikono kabla ya chai, akaona vipele viwili kwenye kiganja. Akainua gauni. Mgongoni kulikuwa na vingine, baadhi vikiwa na maji ndani.

Alikaa pale na kopo la maji mkononi. Redio ilikuwa ikizungumzia Mpox kila siku. Wahamasishaji wa afya walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakisema: msilale pamoja na mwenye vipele, msitumie shuka lake. Priscille aliwaitikia kwa kichwa siku ile, akiwaza kwamba nyumbani kwake mambo hayo yamepangwa zamani.

Akaingia chumbani, akafungua sanduku, akatoa kila kitu sakafuni. Shuka la maua ya njano, nani alilitumia juzi? Plamedi, alidhani. Au Benie. Na lile la kijani alilomfunikia mtoto mchanga mchana, lilitoka wapi? Kila alipojaribu kukumbuka, kumbukumbu ilimponyoka. Akajikuta ameshika blanketi mbali na mwili wake kama kitu kinachouma.

Patrice alimkuta hivyo.

"Ngoja kwanza," alisema alipoelezwa. "Pengine ni joto tu. Ukimuambia Benie, atawaza tuko tunamufukuza."

"Na mutoto yangu mwenye iko ananyonya bado?" Priscille aliuliza. "Naye angoje?"

Priscille akaenda mwenyewe hadi chumba cha nyuma, ambako Benie alikuwa anamsuka Exaucée.

"Benie, mutoto iko na vipele. Tumupeleke centre de santé leo. Na mpaka tujue, bon, kila mutu alale na shuka yake."

Mikono ya Benie ilisimama katikati ya msuko. "Basi iko ile maneno tena, Dada Priscille. Kule kanisani kwenye tulilala kwanza, mutoto alikohoa, wakabeba mukeka yetu wakaweka inje. Na wewe sasa?"

"Mimi sikusema inje."

"Haujasema bado."

Patrice aliwapakia wote kwenye pikipiki aliyobebea abiria, Exaucée katikati. Kwenye kituo cha afya muuguzi, mzee mpole aliyeitwa Papa Célestin, alivaa glavu, akatazama viganja, mdomo na mgongo. Akachukua sampuli. Alisema inaweza kuwa Mpox, inaweza pia kuwa tetekuwanga, na kwa macho tu watu hukosea. Majibu yangechukua siku kadhaa. Kwa sasa mtoto alale chumba chake na mama yake, vyombo na matandiko yao yasichanganywe na ya wengine, na kila walichotumia kifuliwe kwa maji ya moto.

Priscille alichemsha maji mchana kutwa. Alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akaloweka, akasugua, akaanika kwenye kamba mpaka kamba ikalegea. Jirani yake, Mama Katungu, muuza vitenge, alisimama kwenye uzio.

"Mashuka yote siku moja, kuna msiba?"

"Ni unyevu," Priscille alijibu, akainama kwenye beseni ili uso wake usionekane. Alijua neno moja tu lingetosha, na jioni wateja wasingepanda tena pikipiki ya Patrice. Halafu mvua ikaanguka. Akakimbia kuyaanua yakiwa mazito na ya baridi, akayaning'iniza jikoni juu ya makaa, na nyumba nzima ikanuka moshi na sabuni.

Benie na Exaucée hawakuwa na cha kulalia kilichokauka. Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na mashuka meupe ya harusi ya Priscille, ambayo hayajawahi kutandikwa. Alisita, kisha akayabeba mpaka mlango wa chumba cha nyuma.

Benie aliyatazama. "Haya hayarudi tena safi."

"Najua. Tandika."

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Priscille alimvua Plamedi nguo asubuhi na jioni, akimgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Aliota vipele, akaamka akipapasa shingo ya mtoto mchanga. Simu ikilia, aliacha kila kitu akaikimbilia.

Majibu yalipofika siku ya kumi, Papa Célestin mwenyewe alipiga. Si Mpox. Ni tetekuwanga. Priscille alimshukuru, akakata, akakaa juu ya sanduku tupu. Furaha haikumjia mara moja, kwa sababu asubuhi ileile Plamedi alikuwa ameanza kujikuna, na kifuani mwake mlikuwa na kipele chenye maji.

Benie alimkuta amempakata Plamedi, hajui ampeleke wapi.

"Mulete kwetu," alisema. "Exaucée na Plamedi iko na ugonjwa moja sasa, acha walale pamoja. Mimi niliuguaga hii ningali mudogo. Wewe baki na mutoto muchanga."

"Utachoka, Benie."

"Nitachoka, ndiyo."

Akamchukua Plamedi. Muda mfupi baadaye Priscille aliwasikia wasichana wawili wakicheka ng'ambo ya ukuta, na Benie akiwagombeza waache kujikuna. Akarudi jikoni, akashika ncha za mashuka aliyoyafua tena asubuhi ile, moja baada ya jingine. Mengi yalikuwa bado na unyevu. Akaongeza makaa.