Safu Zilizoanguka Upande Wetu

Enzi zetu hapa Kisangani, uzio ulikuwa wa vichaka tu, wenye matundu ya kupita mtoto, mbwa na sahani ya chakula. Watoto wa leo ukiwasimulia wanacheka. Hata jina la jirani hawalijui, mpaka waliulize kwenye simu.

Upande wa pili aliishi tonton Ferdinand, mjomba wa mtaa mzima, fundi wa baiskeli. Nakumbuka siku aliyoleta mche wa safu, yale matunda ya zambarau yenye mafuta, kutoka Yanonge, ameufunga kwa kitambaa kibichi. Alitaka kuupanda katikati ya uwanja wake. Mimi na dada yangu Béa tukamzunguka, tukilia kama tumefiwa: "Tonton, panda huku, karibu na kwetu!" Tulijua sheria ya mtaa, papa, baba yetu, aliisema kila siku akicheka: "Yenye inaanguka kwetu, iko yetu." Tonton akakubali. Tukaumwagilia mche ule kila asubuhi kabla ya shule. Laiti tungelala asubuhi zile!

Miaka ikapita, safu zilipoanza kuanguka, tuliacha nzango, mchezo wetu wa kuruka na kupiga makofi, katikati tukazikimbilia. Mama alizilainisha kwa maji ya moto, tukazila na kwanga ya muhogo na chumvi, vidole vinang'aa mafuta. Lakini sahani ya kwanza ilipita kwenye tundu la uzio, iende kwa tonton.

Tonton amekufa, wanawe wameuza uwanja. Mmiliki mpya amejenga ukuta wa matofali na duka chini ya mti. Mizizi imepita chini ya ukuta ule, imeinua sakafu ya chumba cha mama. Ufa umepanda hadi dirishani, mkono wangu unaingia mzima. Tumekata mizizi upande wetu mara mbili, imerudi. Fundi anasema mti usipoondoka, mvua kubwa moja itaangusha chumba.

Nikaenda kumwomba jirani aukate. Si mtu mbaya, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bon, mama, nikate muti, duka yangu itabaki na jua," aliniambia. "Muti iko kwangu, sawa. Lakini mizizi yenye iliingia kwenu, iko yenu. Si ndiyo sheria ya hapa?"

Nikageuka nikarudi. Sheria ile nimeila tangu utotoni.

Juzi tumehamishia kitanda cha mama sebuleni. Chumba alichotuzalia tutakibomoa wenyewe kabla ya mvua, na cha kujengea kingine hatuna. Mama alibeba tu picha ya papa. Nimechoka, wenzangu, na sioni pa kushika.

Jana safu zimeanza kuanguka juu ya bati letu. Mama, pamoja na uzee wake, aliziokota, akazilainisha, akajaza sahani ya kwanza na kutoka nayo nje. Nilipomfuata, nilimkuta amesimama mbele ya ukuta, sahani mkono mmoja, mwingine unapapasa matofali, anatafuta tundu.