Siku Niliyosawazisha Damu ya Kijiji

Kuna watu hapa kijijini ambao mpaka leo wakipita dukani hawaniulizi hali, wananiuliza leo nimechanganya damu ya nani, na mimi hucheka nao, maana nikikasirika itakuwa nimekiri mara ya pili, na ile mara ya kwanza niliyokiri, mbele ya mkutano mzima, mama mkwe wangu amekaa mkeka wa mbele, ilinitosha kwa maisha.

Mambo yenyewe ni ya miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tulipotolewa vilimani huko nyuma ya Kikole tukawekwa pamoja kando ya barabara. Mimi nilikuwa na kidato cha nne, jambo ambalo wenzangu walilitumia kwenda Dar es Salaam na mimi nikalitumia kubaki nyumbani (nikilala kitanda cha watu naamka kichwa kinauma, ndivyo nilivyoumbwa), basi wakanipa ukarani wa duka la kijiji. Kazi yangu kubwa ilikuwa kugawa. Sukari ikija pungufu, na ilikuwa ikija pungufu, naimimina yote kwenye beseni, naichota kwa kibaba, napitisha kijiti juu mpaka inalala tambarare, kila kaya inapata sawasawa na jirani. Kijiti kile nilikiheshimu. Mtu akisema nimempunja, chakula hakinipiti.

Sasa, mama mkwe wangu, Bi Somoe, alikuwa na rovu. Halikuwa kubwa, lilikaa shingoni kama ndimu, na alilizoea. Lakini mwaka ule likaanza visa: mikono inamtetemeka, moyo unamwenda mbio hali amekaa, anakula kama mtu aliyetoka kulima ekari mbili na bado anakonda. Majirani wakanong'ona kwamba amechezewa. Mke wangu Mwanaidi hakutaka minong'ono, akampeleka kupimwa damu, ikapimwa mara mbili kwenye maabara mbili, karatasi moja ikasema tezi lake la shingoni linafanya kazi kupita kiasi, karatasi ya pili ikasema ni mzima kabisa. Vidonge vya kulituliza tezi vilikuwepo, ila akivinywa asiyevihitaji vinamdhuru, na daktari aliyempima hakuthubutu kubahatisha. Mwanaidi akawa anazishika zile karatasi mbili, moja huku moja huku, kama mtu aliyeuziwa viatu vyote vya mguu wa kushoto.

Ndipo akaja Daktari Elia kutoka Kilwa Masoko, kijana mpole mwenye sanduku la barafu, akatuambia anahitaji damu ya watu kumi na wawili, Bi Somoe akiwemo.

"Ila sikuja kupima watu tu," akasema. "Nimekuja kupima maabara."

Mimi udadisi ni ugonjwa wangu. Nikamuuliza, "Maabara inapimwaje, Daktari?"

"Kibaba chako, Ndugu Karani, unajuaje kama ni kibaba?"

"Bwana Mizani huja na mawe yake ya shaba, anapima, anagonga muhuri."

"Basi mimi sina jiwe la shaba la damu. Nachukua damu ya mtu mmoja, naigawa, napeleka maabara tatu, halafu naangalia kama zitasema kitu kimoja."

Jibu hilo lilinikaa kichwani siku nzima, na ndilo lililoniponza, maana nililielewa nusu.

Watu wakajitokeza kumi na wawili (mimi nilijificha nyuma ya ukarani, nikasema lazima mtu aandike majina). Damu ikatolewa, ikatiwa kwenye kimashine, nikakizungusha kwa mkono mpaka bega likalia, damu nzito ikashuka chini na juu yakabaki maji ya njano, na hayo ndiyo yanayopimwa. Daktari akayanyonya kwa kijibomba cha kioo, akamgawia kila mtu vichupa vinne, vitatu vya maabara na kimoja cha akiba. Kisha Mwenyekiti wa kijiji, naye mmoja wa wale kumi na wawili, akawaita wote kwake kula, mimi nikaachwa nilinde.

Nikakaa navitazama vile vichupa vilivyopangwa mezani. Vya Mwenyekiti vilijaa mpaka shingoni. Vya mama mkwe wangu, ambaye mshipa wake ulikuwa mkaidi, havikufika hata robo.

Jamani, mimi ni mtu wa duka. Siwezi kukaa mbele ya vipimo visivyolingana nikatulia. Nikamwona mama mkwe kesho anamwambia Mwanaidi, "Mumeo hata damu yangu kanipunja." Nikawaza: daktari mwenyewe kasema anapima maabara, na maabara zinatakiwa kupewa kitu kimoja, sasa kipi kitakuwa kimoja zaidi kuliko vyote vikiwa kimoja? (Hesabu yangu ilikuwa nzuri shuleni. Baiolojia nilipenda kuchora panzi.) Hakuna aliyenituma. Nikachukua bakuli ambalo daktari alilichemsha, nikamimina maji ya watu wote kumi na wawili, nikakoroga, nikayarudisha kwa kile kijibomba, kichupa baada ya kichupa, na kila kimoja nikakisimamisha kando ya kijiti changu nilichokikata alama kwa wembe, visipishane hata unywele. Nikafunga vifuniko, nikapanga barafuni, nikafunga sanduku. Daktari aliporudi akanishukuru kwa kumwokolea muda.

Majibu yakaja baada ya wiki kadhaa, na kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa kinasubiri, Mwenyekiti akaitisha mkutano. Daktari Elia akasimama na karatasi zake, anazigeuzageuza.

"Ndugu zangu, jambo hili sijapata kuliona. Maabara ya kwanza imetoa namba moja kwa watu wote. Ya pili ina namba yake, nayo ni moja kwa wote. Ya tatu vilevile. Maabara hazifanani, lakini ninyi mmefanana kama mapacha."

Mwenyekiti hakungoja. "Huo ndio ujamaa," akasema. "Wengine wameishia kulima pamoja. Sisi tumefika mpaka kwenye damu."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, kwa nguvu, mpaka katikati ya makofi nikaelewa, mikono ikabaki hewani kama ya mtu anayepima upana wa samaki.

Bi Somoe akanyoosha mkono, na wote tukauona unavyotetemeka.

"Daktari mwanangu, kwa hiyo mimi na Mwenyekiti tezi letu moja?"

"Karatasi ndivyo zinavyosema, mama."

"Huyu Mwenyekiti anayesinzia mwenyewe akihutubia?"

Watu wakacheka, Mwenyekiti naye. Bi Somoe hakucheka. "Na vidonge?"

"Kwa karatasi hizi, mama, siwezi kukupa."

Akaurudisha mkono akauficha chini ya kanga, akaubana kwa ule mwingine ili utulie. Nilitaka sana kubaki nimekaa, naapa, kukaa ndiko ninakokujua zaidi duniani. Lakini mkono ule niliuona.

Nikasimama. Nikaeleza yote: bakuli, kukoroga, kijibomba. Kisha mzee mmoja wa nyuma akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua:

"Kijiti ulipitisha?"

"Nilipimia, mzee."

Hapo mkutano ukaanguka. Watu walilia kwa kucheka, Mwanaidi akajifunika uso kwa ushungi, na sikujua kama anacheka au anafikiria kurudi kwao.

Daktari peke yake alikuwa anatazama karatasi, macho yamemtoka. "Subirini," akasema. "Kwa hiyo nimezipa maabara tatu maji yaleyale kabisa, na zimenipa namba tatu. Basi kosa haliko kwenye shingo za watu. Liko kwenye mizani." Akanigeukia. "Na vichupa vya akiba, vyenye mchanganyiko uleule, ninavyo kwenye jokofu Masoko. Umenipa jiwe langu la shaba, Ndugu Karani. Ila umemnyima mama huyu namba yake."

Ikabidi damu itolewe upya, na hakuna aliyetaka. Bi Somoe ndiye aliyejitokeza. Hakunitazama, kama inavyompasa mkwe, alimtazama daktari.

"Nitatoa. Ila aanze karani."

Nikaanza. Sindano ilipoingia niliona kibanda cha mkutano kinageuka polepole kama kile kimashine, na nilipozinduka nilikuwa nimelazwa kwenye mkeka wa wanawake. Adhabu haikuishia hapo: Mwenyekiti akaamua sanduku nilipeleke mwenyewe, nikapanda lori mpaka Kilwa Masoko nimelikumbatia, nikalala kitanda cha watu, nikaamka kichwa kinauma.

Safari hii kila maabara ilipelekewa damu zetu pamoja na kichupa kimoja cha mchanganyiko wangu, na kwa kuona kila moja inausomaje, daktari akajua ipi inazidisha na ipi inapunguza, akazirekebisha zikae mstari mmoja. Zote tatu zikasema tezi la Bi Somoe linakimbia, akapewa vidonge siku ileile. Langu likaonekana zima kabisa. Daktari alisema uvivu wangu bado haujapata maabara.

Msimu wa korosho ulipofika, mama mkwe alikuja dukani na bakuli lake kuchukua sukari. Nilichota, nikapitisha kijiti, nikammiminia, na macho yangu yalikuwa kwenye mkono wake. Bakuli halikutikisika hata kidogo.

"Mkwe," akasema, akikitazama kibaba, si mimi, "kijiti chako kina kazi nzuri hapo mezani."

"Ahsante, mama."

"Basi kisiondoke hapo."

Alipotoka nikatafuta kamba, nikakifunga kwenye mguu wa meza. Kipo mpaka leo, na kamba yenyewe nimeikata fupi.