Siku Dada Zuhura Alipohutubu kwa Kihispania

Juzi nilimwona binti mmoja aliyevaa joho la mahafali, nikamkumbuka dada Zuhura jukwaani kule Houston, akihitimu sekondari aliyosoma nusu kwa Kiingereza, nusu kwa Kihispania. Ukumbi ulinukia maua na mafuta ya nywele. Alipoanza kuhutubu kwa Kihispania, majirani zetu waliotoka Mexico walianza kulia. Kwa utoto wangu, nikadhani amekuwa mtoto wao. Sikujua bado kwamba mtu huongeza lugha bila kuhama kwao.

“Mama, tutarudi naye nyumbani?” nikanong’ona.

“Nyamaza, msikilize dadako.”

“Kwani unamwelewa?”

“Hata neno moja,” alisema mama, machozi yakimtiririka.

Tulipotoka, bibi mmoja jirani alimkumbatia mama, akasema maneno mengi. Zuhura akatafsiri kwa sauti ndogo: “Anasema asante kwa kunizaa.”