Nusu Sura Niliyokwenda Nayo Carama

Aibu nyingine mtu huzika akasahau kaburi, lakini hii yangu ya Carama inanifuata mpaka kitandani, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mdogo wangu Elie, ambaye huitia chumvi (na wala haihitaji).

Ilikuwa miaka ile ya vita, na mimi ndiyo kwanza nimeanza kuisoma Biblia kwa mapenzi mapya, yaani nauza vitenge huku kitabu kimefunguliwa juu ya meza, joto la mchana linapanda kutoka ziwani, wateja wanapita, na mimi niko mbali, niko na wachungaji na visima vyao. Siku moja nikafika pale Yakobo anapomtumikia mjomba wake miaka saba kwa ajili ya Raheli, na miaka yote ile akaiona kama siku chache tu kwa jinsi alivyompenda. Utamu ukanijaa mpaka nikafunga kitabu, nikabaki nikitazama milima ya Kongo ikielea ng'ambo ya maji, na sikutaka kusoma zaidi. Kosa lenyewe ndilo hilo, dogo kabisa.

Jumamosi tukaenda Carama, kitongoji cha pembeni mwa mji, kumposea Elie. Kwetu kila upande una msemaji wake, na msemaji haombi msichana waziwazi, anazungukazunguka na habari za ng'ombe na ndama aliyepotea mpaka watu wacheke, ndipo anaeleweka. Msemaji wetu nilikuwa mimi. Posa ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili kwa ajili ya risasi, kila jioni wanajeshi walifunga barabara, na tukikosa siku hiyo, Janine, msichana mwenyewe, angeondoka na wazazi wake kukimbilia Tanzania.

Basi mimi ng'ombe nikawaacha malishoni. Nikasimama, mvua ikipiga mabati taratibu, nikafumba macho, nikawaeleza habari za Yakobo, na sauti yangu mwenyewe ikanipendeza (si mnanijua), nikamalizia kwamba tumekuja kumwomba Raheli wetu.

Msemaji wao, baba mdogo wa Janine, akaweka chupa chini. "Umesema vizuri, mwanangu. Ile sura ulisoma mpaka wapi?"

"Mpaka miaka saba, mzee."

"Basi ujue kwao mudogo hatangulie mukubwa. Na kwetu iko vile vile. Tunakupa Lea kwanza. Ni yule pale."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, macho yote yakaenda kwa Dafroza, dada mkubwa wa Janine, mwalimu, ambaye hakuwa ameolewa, na hapo alikuwa ameshika sinia la glasi. Jina la Lea mimi nililipita mbiombio nikimkimbilia Raheli, kwa hiyo nikacheka na wenzangu, nikasema, "Tunapokea, mzee, wote ni wazuri" (Mungu anisamehe). Elie akanikanyaga mguu. Janine akasema hawezi kuolewa kwa watu wanaomcheka dada yake, akaingia ndani akilia.

Dafroza akatua sinia. "Kaka, soma mbele. Soma yote, tusikie."

Nikafungua Biblia niliyokuja nayo, nikasoma, vidole vikiteleza kwa jasho, mambo ambayo sikuwahi kuyaona: jinsi Lea alivyotolewa kwa Yakobo usiku kwa hila badala ya mdogo wake Raheli, jinsi asivyopendwa, jinsi Mungu alivyoliona hilo akampa watoto, hata akafika siku ya kumsifu. Kicheko kikaisha, ikabaki mvua. Nilisoma kama mtu anayetembea ndani ya ndoto, kwa sababu Mungu alikuwa ametazama mahali ambapo mimi sikutazama kabisa. Niliona haya kuliko ninavyoweza kueleza.

"Mi sikasirike," Dafroza akasema. "Lakini we kaka, usiishie pale panakufurahisha weye tu."

Akaingia ndani, akamtoa Janine kwa mkono, akamgeukia baba yake mdogo. "Muwape. Saa inaenda."

Tukapewa. Tukawahi barabara kabla haijafungwa.

Usemaji niliuacha siku hiyo, posa zikija nawaambia watafute mwingine. Kusoma sijaacha. Nasoma kila sura mpaka mwisho, hata zile za majina matupu na zile zinazonisuta, na nazipenda kuliko nilivyopenda ile nusu, maana huwezi kujua ni katika aya ipi ameketi mtu uliyemcheka.